Kwa Nini ya Tano

Taya la mtu likivunjika halitoi mlio mkubwa. Hutoa mlio mdogo, mkavu, kama mtu amekanyaga kifuu. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kurukiwa na mate. Injinia alikuwa katikati ya swali, mdomo wazi, na wili spana, ile nzito ya kufungulia magurudumu, ikamkuta hivyo hivyo. Akaanguka kwa ubavu, kichwa kikagonga chesisi, na meno yake mawili yakabingirika kwenye sakafu ya saruji mpaka kwenye mstari wa njano, yakasimama hapo, kana kwamba hata nayo yalifundishwa kwamba mstari ule haukanyagwi.

Aliyempiga alikuwa fundi wa breki, mtu mzima aliyezidi umri wa baba yangu. Sote pale karakanani tulimwita Ami. Alibaki amesimama, spana mkononi, akihema kama mtu aliyepanda mnazi. Hakuna aliyemshika. Nilipomshika mimi alinipiga nayo begani, mfupa wa mtulinga ukalia, mkono ukafa ganzi, lakini sikumwachia.

Nilifika katika karakana ile ya Ukunda kwa kuzurura tu, kama nilivyofika kila mahali. Shule niliiacha darasa la saba. Nilikata miwa Ramisi mpaka nikajipasua muundi kwa panga langu mwenyewe. Nililinda majumba ya Diani mpaka nikapigwa rungu na watu waliokuja kuiba televisheni. Nilipakua kaa na kamba huko Bodo. Kila kazi niliiacha nikishaelewa inavyokwenda, na hii ya kuunganisha tuktuk ndiyo iliyonikawiza kuliko zote, maana kila nilipodhani nimeielewa ilikuwa imeshabadilika.

Nilipoanza, kila fundi alikuwa na kona yake na rundo lake la vyuma, na aliunganisha tuktuk yake peke yake kutoka gurudumu hadi paa. Spana zilikuwa chache na kila moja ilikuwa vita. Nilimwona mtu akichapwa mgongoni kwa bomba la ekzosi lililotoka kuchomewa, kwa sababu ya beringi, na ngozi ikabaki kwenye bomba. Nilimwona mwingine akifungiwa ndani ya boksi la vipuri mpaka alasiri kwa kuazima bisibisi bila kuomba. Tulitukanana, tukapigana, tukaswali, tukala pamoja, tukaanza tena.

Kisha mwenye karakana akamleta Injinia. Kijana kutoka bara, mwembamba, amefanya kazi katika kiwanda kikubwa cha kuunganisha magari. Alikuja na ndoo ya rangi ya njano na maneno mapya. Akatuambia kwamba Wajapani katika viwanda vyao vya magari waligundua kwamba kazi nyingi ya mtu si kazi, ni upotevu: kutafuta spana, kungoja, kubeba kitu kutoka hapa kwenda pale na kukirudisha. Akachora mistari sakafuni. Akachora ukutani umbo la kila spana, ili isipokuwepo pengo lake lionekane. Tuktuk ikawa inasukumwa kutoka kwa mtu hadi mtu na kila mtu anafanya jambo moja. Mchomeaji mwanzo, kisha injini, kisha rangi, na breki mwisho kabisa, kando ya geti.

Mafundi walinung'unika. Mimi nilifurahi. Wakati wa chakula nilisoma mambo haya kwenye simu hadi wali ukapoa. Na vita vya spana vikafa kweli, kwa wiki kadhaa watu hawakujua mikono yao waitie wapi.

Lakini alikuwa ameondoa stoo. Alisema stoo ni mahali makosa yanapojificha, vipuri vije asubuhi vitumike siku ile ile. Sasa vipuri vyetu vilitoka Mombasa na kuvuka Likoni. Siku feri ikielemewa, hakuna kipuri, na wanaume wazima wanasimama kwenye mistari ya njano na vyuma mikononi bila kazi. Siku moja ya namna hiyo fundi wa rangi alimtania fundi wa injini kuhusu timu yake ya mpira, na ikaishia kwa mmoja kumsukuma mwenzake usoni kwenye ndoo ya thina ya kuyeyushia rangi. Tulimwosha macho kwa maziwa na maji mpaka magharibi. Kesho yake Injinia akatengeneza rafu ndogo ya beringi na vifaa vya breki, akiba kidogo. Nilimtania kwamba amerudisha stoo. Akasema, "Buda, hata hao wakubwa walijifunza. Korona ilifunga bandari, wakakaa na magari yasiyo na vipande. Sasa kila mtu anaweka kidogo pembeni." Nilimpenda kwa jibu lile. Wengi wangenitukana.

Kisha akatuletea kamba. Aliitandaza juu ya vichwa vyetu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na mwisho wake akafunga kengele. Anayeona kasoro, yeyote, avute. Kazi yote isimame mpaka kasoro irekebishwe. Siku nyingi hakuna aliyeigusa.

Nikaivuta mimi. Nilikuwa nikisukuma chesisi nikaona mshono wa kuchomea una tundu. Kengele ikalia, watu wote wakageuka, na kabla haijanyamaza mchomeaji alikuwa ameshanipiga kichwa cha pua. Niliona nyeupe. Nilipofumbua macho damu ilikuwa inatiririka kidevuni na yeye amenishika kola.

"Umenipigia kengele! Umenipigia kengele kama mwizi wa kuku!"

Injinia alifika mbio, akapiga makofi. "Asante sana kwa kusimamisha kazi!" akaniambia, mimi nikitema damu. Hata mchomeaji aliduwaa. "Kasoro ni ya chuma, si yako," Injinia akamwambia.

"Chuma hakina mke," mchomeaji akajibu. "Mimi ninaye, na baba yake yuko pale."

Injinia alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mchomeaji alikuwa amemwoa binti wa Ami, na kwetu mtu na baba mkwe wake wana heshima yao. Hawali sahani moja. Hawataniani. Ami akipita, mchomeaji anainama kwenye kazi yake, na mambo ya mwili, chooni, bafuni, kuumwa chini ya kiuno, hayo hayasikiki wala hayaonekani baina yao. Hakuna aliyemweleza Injinia. Si kwamba tulimficha. Mtu hafundishwi mambo haya, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kwamba yupo asiyeyajua.

Na karakana yenyewe ilikuwa imepangwa hivi: breki getini, mchomeaji mwisho wa ndani, na choo nyuma ya mchomeaji. Anayekwenda choo lazima ampite mgongoni, na mlango wa choo, wa bati, ulikuwa mfupi juu na chini, kila kitu kilisikika. Ami alikuwa amefikia umri ambao kibofu hakimsikilizi tena mwenyewe. Sote tulijua, kwa kumwona anavyosimama amebana magoti. Mchomeaji peke yake ndiye hakutakiwa kujua. Basi Ami alikuwa hatumii choo chetu. Alitoka getini, akavuka barabara, akaenda choo cha msikitini, na alikuwa akienda mara nyingi, na akikawia.

Kabla ya Injinia hilo halikumdhuru mtu, kwa kuwa tuktuk ilimngoja. Sasa tuktuk haikumngoja.

Siku moja tuktuk mpya iliyotoka kwetu ilishuka mteremko wa kwenda Diani, breki zikakataa. Dereva aliruka. Ikaenda na abiria wake, mama muuza mahamri, ikampigiza kwenye ukuta wa jumba la wageni. Mfupa wa paja ulitokeza nje ya ngozi. Hayo nimeyasikia tu. Niliyoyaona ni dereva, saa moja baadaye, akiingia getini na panga, amelowa damu isiyo yake. Alikata kiti cha tuktuk ya kwanza aliyoikuta. Akakata paa la ya pili. Akamfuata Injinia mpaka mezani, panga likazama kwenye ubao karibu na vidole vyake, na lilipokwama tukamwangukia watatu, tukampiga mpaka akalia. Alilia kama mtoto. "Mama wa watu," alikuwa akisema, "mama wa watu ananiita mimi."

Ingekuwa zamani, tungemgawia chai, tukaenda nyumbani. Injinia alikuwa na utaratibu wake. Aliagiza mabaki ya ile tuktuk yaletwe, na mchana akatukusanya tusimame tuizunguke. Utaratibu huo nao ulitoka kwenye viwanda vya magari: kasoro ikitokea unauliza kwa nini, na jibu likija unaliuliza nalo kwa nini, hadi mara tano. Alituapia kwamba mzizi uko kwenye la tano kila wakati. Tulikuwa tumeshauliza hivyo kuhusu rangi iliyobabuka na taa isiyowaka. Hatukuwa tumewahi kumuuliza mtu mzima.

"Mzee wangu," akamwambia Ami, kwa adabu kabisa, "kwa nini breki zilikataa?"

"Paipu ilichomoka," Ami akasema.

"Kwa nini ilichomoka?"

"Nati haikukazwa."

"Kwa nini haikukazwa?"

"Niliiacha nusu. Niliporudi nikakuta imeshasukumwa nje."

"Sawa, hii ni nzuri, tunafika. Kwa nini uliiacha nusu?"

"Nilitoka kidogo."

Mchomeaji alikuwa upande wa pili wa tuktuk, ana kwa ana na mkwewe. Aliangalia chini. Mimi nilitaka kukohoa, kuangusha kitu, lolote.

"Kwa nini ulitoka nje ya geti wakati wa kazi, mzee?"

"Hapo pametosha, mwanangu."

"Hapana, mzee wangu. Kuna mama hospitalini. Hatuwezi kusimama ya nne. Kwa nini ulitoka?"

"Nimesema pametosha. Nifukuze kazi, basi."

"Sitaki kukufukuza! Nataka kujua. Kwa nini?"

Na hapo fundi wa rangi, ambaye ulimi wake haukuwahi kumfaa, akasema nyuma ya watu, "Mwambie kibofu kimechoka, Ami, tukale!"

Mtu mmoja akacheka. Mchomeaji aliinua uso bila kukusudia, akakutana macho na baba wa mkewe. Ilikuwa kitambo kifupi sana. Ami akainama, akaokota wili spana, na Injinia alikuwa anafungua mdomo kuuliza tena.

Nimesema hakuna aliyemshika ila mimi. Mwenye nguvu kuliko sote alikuwa mchomeaji, na yeye ndiye asingeweza kabisa kumtia mkono. Alisimama mikono nyuma, kana kwamba amefungwa kamba.

Injinia alipelekwa hospitali, Ami akachukuliwa na polisi. Kuumiza mwili kiasi kile ni miaka jela, na mtu wa umri wake asingetoka hai. Kila kitu kilikuwa juu ya neno la Injinia: akishtaki, Ami amekwisha.

Nilikwenda kituoni, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Ami alikuwa amekaa kwenye saruji, jicho limevimba. Vijana wa selini walimpiga usiku kwa sababu ya harufu, maana humo walipewa ndoo moja na hakuiwahi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Bega lako?"

"Linapona. Ami, niruhusu nimweleze yule kijana. Ni mtu wa bara, hajui. Akielewa, atafuta."

Alisogea kwenye vyuma. "Ukinitaja chooni mbele ya mtu yeyote," akasema polepole, "nitatoka humu, leo au baada ya miaka kumi, nije nikuue. Walahi nitakuua wewe."

Nilimwamini.

Mkewe Ami alipika uji wa mtama, mwepesi, akauchuja mara mbili, akanipa chupa na mrija. "Mpe mtoto wa watu," alisema tu. Nikapanda kwenda hospitali nikiwa na uji wa mke wa aliyempiga.

Injinia alikuwa na uso kama boga. Taya lilikuwa limefungwa nyaya, meno ya juu na ya chini yamekazwa pamoja, akawa anasemea kwenye fizi. Nilimwambia uji umetoka wapi. Aliuangalia kwa muda, kisha akavuta mrija.

Alipomaliza, akanitazama. "Kwa ni—" akaanza, na maumivu yakamkata. Akajishika shavu, machozi yakamtoka. Sijui kama yalikuwa ya maumivu. Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akajaribu kucheka akaumia zaidi, akanionyesha ngumi.

Nilitafuta la kusema lisilokuwa lile. Nikasema, "Yule mchomeaji amemwoa binti yake."

Alikuwa amefumba macho. Baadaye akaanza kuchora kwa kidole kwenye shuka. Niliutambua mchoro upesi: geti, breki, rangi, injini. Kidole kikatembea kutoka breki kwenda ndani, taratibu, kikafika kwa mchomeaji, kikasimama. Kikarudi. Kikatoka getini.

Kwao pia kuna wakwe. Alijipiga paji la uso kwa kiganja, akajipiga tena, kisha akapiga chuma cha kitanda kwa ngumi hadi chupa ya dripu ikagonga nguzo na nesi akaja mbio. Damu ilimtoka kwenye vidole. Sikumwambia neno lolote zaidi, na hakuniuliza.

Alikwenda kituoni siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, kufuta mashtaka. Askari hawakupenda. Walimwambia mtu aliyevunjwa taya hawezi kusema waachane tu. Alisema kupitia nyaya kwamba anaweza, na akasimama pale kaunta hadi wakachoka naye. Mwenye karakana akataka Ami asirudi. Injinia akaweka funguo zake mezani, akatembea mpaka getini, akaitwa arudi. Hayo yote hayakuondoa paja la yule mama. Ami alikwenda kumwomba radhi kabla hajafika kwake kulala, na mwanamke yule alimtupia kikombe, kikampasua unyusi. Alituambia hilo yeye mwenyewe, bila kulalamika.

Kazi ilirudi, na utaratibu ukabadilika. Injinia alikuwa hawezi kuuliza maswali marefu, basi kasoro ikitokea alichuchumaa mbele ya chuma chenyewe, akakinyooshea kidole. Nasi tukachuchumaa. Kila mtu akawa anaongea na chuma. Kwa nini wewe nati umelegea? Spana ilikuwa fupi. Kwa nini ilikuwa fupi? Sasa tunaunganisha na tuktuk za umeme, zenye vipande vichache, na spana yake inawaka taa ya kijani nati ikikaza sawasawa. Hata hivyo bado tunachuchumaa. Taya lake limeshapona siku nyingi, lakini hajarudia kumsimamisha mtu katikati ya wenzake.

Lakini jambo la kwanza alilolifanya, kabla ya hayo yote, alilifanya peke yake. Ijumaa moja alikuja na mabati na saruji, akajenga choo nyuma ya meza ya breki, mlango umeelekea ukuta, kuta ndefu mpaka chini. Hakueleza. Akafunga pia vitambaa vyekundu kwenye kila meza: anayeacha nati nusu, aifunge kitambaa, na tuktuk yenye kitambaa haisukumwi.

Ami alirudi Jumatatu. Unyusi umeshonwa, amevaa shati safi. Alikiona choo, akakizunguka kwa macho, akashika spana.

Fundi wa rangi hakuweza kujizuia. "Ami amejengewa ofisi!" akasema.

Mchomeaji alivuka mistari yote ya njano kutoka mwisho wa ndani. Alimpiga ngumi moja, ya mdomoni, na fundi wa rangi akaanguka kwenye makopo yake, akaamka mwekundu na buluu, damu na rangi zimechanganyika, hatukujua ipi ni ipi. Hakuna aliyevuta kamba. Injinia aliangalia kutoka mezani kwake, akainama tena. Mchomeaji akarudi alikotoka, akavaa kinyago chake cha kuchomea, akageukia ukuta.

Ami hakugeuka hata kidogo. Alikuwa ameingiza paipu, anakaza nati. Katikati ya kazi akasimama, magoti yamebana. Alichukua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye paipu kwa fundo la utaratibu, akaenda nyuma ya meza yake, akafunga mlango. Ndani ya karakana grenda iliwaka, na nyundo, na mtu akaanza kupiga mluzi kwa nguvu.

Alitoka, akanawa mikono, akakifungua kile kitambaa na kukaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni.